Mpinzani na Mtani: Maneno ya Siasa katika Historia ya Nyanda za Juu Kusini



Naomba nianze na jambo ambalo wengi wetu tunalijua vipande vipande, lakini hatujazoea kuliweka pamoja. Katika orodha fupi ya maspika walioliongoza Bunge letu tangu mwaka 1962, watatu walitoka katika eneo ambalo Waingereza waliliita Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikikalia kiti hicho tangu 1962 hadi 1973, kisha tangu 1975 hadi 1994. Bibi Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza kukikalia, tangu 2010 hadi 2015. Dakta Tulia Ackson, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alikishika tangu 2022 hadi 2025. Kazi ya Spika, pamoja na jina lake hilo la kuazima linalomaanisha msemaji, ni kuwasemesha wengine: kuhakikisha kwamba wanaochukiana wanasikilizana. Eneo hilohilo lililotoa wasemeshaji watatu ndilo lililomwona mkuu wa mkoa akiuawa shambani mwaka 1971, na mwandishi wa habari akiuawa kazini mwaka 2012. Mhadhara huu unahusu umbali uliopo kati ya kiti kile na shamba lile.

Mimi si mwanasayansi wa siasa. Nimefundishwa kuangalia maneno, na nitakayosema kuhusu vyama ni maoni yangu binafsi. Nakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili chetu cha siasa kilikua katika mazingira yaliyotufundisha kumwona mtu wa fikra tofauti kuwa kizuizi, ilhali historia ya Mbeya na Iringa ina msamiati mwingine, wa kale zaidi, unaomweka mtu huyohuyo mahali pa heshima. Na tangu mwanzo nikiri kwamba msamiati huo wa kale una masharti yake, na hatuwezi kuuokota barabarani na kuanza kuutumia.

Tuanze na neno *mpinzani*. Asili yake ni kitenzi *pinga*, na pingamizi ni kitu kinachowekwa njiani ili mtu asipite. Mpinzani basi, kwa umbo la neno lenyewe, hana safari yake mwenyewe. Kazi yake ni kuzuia safari ya mwingine. Linganisha na *mshindani*, ambaye anakimbia katika uwanja uleule na anaweza kufika wa kwanza. Lugha ilikuwa na maneno yote mawili. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 tukachagua lile la kwanza, na tukalizungushia msamiati wa vita: kambi, ngome, makada, mapambano, kukomboa jimbo. Kwa upande wa pili tunaye *mkereketwa*, neno ambalo nalipenda kwa uaminifu wake. Kinachokereketa ni kile kinachowasha kooni. Mkereketwa ni mtu ambaye chama kimemkaa kooni. Hawezi kumeza wala kutema, na bila shaka hawezi kusikiliza.

Lakini je, watu wa Nyanda za Juu waliwaitaje waliotofautiana nao kabla ya maneno haya kufika?

Karne ya kumi na tisa haikuwa ya amani huko. Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa, walipigana na Merere wa Usangu hadi Merere akalazimika kuihama nchi yake na kukimbilia upande wa Usafwa, karibu na ilipo Mbeya ya leo. Ugomvi huo haukwisha kwa mapatano. Merere alingoja, na Wajerumani walipokuja kupigana na Wahehe aliungana nao, wakamrudisha Usangu. Basi Mkwawa aliyemuua Zelewski na kulivunja jeshi lake pale Lugalo, Agosti 1891, ndiye huyo ambaye Kalenga yake ilipobomolewa mwaka 1894 alikuwa na majirani wengi waliofurahi. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipozuka, Wahehe wenyewe walikuwa upande wa Wajerumani. Vitabu vyetu vya shule huupita ukweli huu kwa haraka sana. Tunapenda kumsimulia Mkwawa kama mtangulizi wa taifa, na ana haki ya heshima hiyo; ila tusisahau kwamba mgeni alishinda kwa kutumia magomvi ambayo wenyeji hawakuyamaliza.

Kulikuwa na ugomvi mwingine uliokwisha kwa namna tofauti. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Hakuna aliyemmeza mwenzake. Damu ilimwagika pande zote mbili, na mwishowe kila upande ukatambua kwamba mwingine hauondoki duniani. Kutokana na vita hivyo ukazaliwa *utani*. Mhehe na Mngoni wakawa na ruhusa ya kutukanana hadharani bila kukasirika, na pamoja na ruhusa hiyo wakabeba wajibu mzito: mtani hufika msibani, husaidia kuzika, huchekesha wafiwa, huwazuia wanaotaka kugombana mbele ya maiti. Wanaanthropolojia wa kikoloni waliuandika utani kama kichekesho cha makabila. Mimi nauona kuwa ni taasisi ya kisiasa, yaani mkataba wa amani ulioandikwa kwa matusi.

Niruhusuni kisa kimoja. Septemba 2015, kampeni zikiwa zimepamba moto, nilihudhuria mazishi ya ndugu katika kijiji kimoja nje ya Iringa. Mwezi Julai mwaka ule Edward Lowassa alikuwa ameihama CCM na kujiunga na Chadema, na familia ile ilikuwa imegawanyika kiasi kwamba vijana wa ukoo mmoja walikaa katika mikeka miwili. Wengine walikuja na kofia za kijani, wengine na magwanda. Wazee walinong'ona, hakuna aliyethubutu kusema. Ndipo akaja mtani, Mngoni wa makamo. Akaichukua kofia kwa huyu, akalivua gwanda kwa yule, akavaa vyote kwa pamoja, akajilaza kando ya kaburi na kutangaza kwamba mwili haushuki mpaka vyama vyote viwili vimlipe posho, kwa sababu marehemu alimwahidi kura na amekufa na deni. Watu walicheka, wakachangishana, wakazika. Sijui walivyopiga kura mwezi uliofuata. Ninachojua ni kwamba kura zao hazikuwazuia kushika jeneza moja.

Upande wa Mbeya, Wanyakyusa wana neno ambalo wasomi wa dunia nzima walilijua kabla yetu. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kililipa neno *ukwangala* nafasi ya pekee: raha ya kuwa pamoja na wenzako, kula nao, kuzungumza nao, kuwa mtu kati ya watu. Wavulana walihama nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, kijiji cha rika, na rika hilo likawa jirani zao maisha yote. Mara moja katika kila kizazi, wazee walikabidhi uongozi wa nchi kwa kizazi cha wana wao kwa sherehe kubwa, na nchi ikagawanywa upya. Jambo hili si dogo. Hapa palikuwa na watu waliojua, kabla ya katiba yoyote iliyoandikwa, kwamba madaraka yana siku ya kukabidhiwa na kwamba anayeyapokea si mwasi.

Monica Wilson aliandika pia kuhusu kitu ambacho tunaweza kukiita pumzi ya watu. Majirani wakimkasirikia mtu kwa haki, pumzi yao humwingia kama ubaridi, akaugua. Tiba yake haikuwa kunyamaza. Katika matambiko, kinyongo kilichofichwa kilihesabiwa kuwa hatari kuliko ugomvi wenyewe. Aliyekasirika alitakiwa kuitamka hasira yake mbele ya wenzake, na bila kuitamka tambiko halikufaa kitu. Tukiyaondoa maelezo ya uchawi yaliyozunguka imani hiyo, tunabaki na kanuni ya kisiasa iliyo wazi: umoja unaojengwa juu ya hasira isiyotamkwa huua.

Nisije nikaonekana nasifia mambo ya kale tu. Ukwangala ni raha ya watu wanaofanana: rika moja, jinsia moja, kijiji kimoja. Chama cha siasa katika siku zetu kinatoa raha hiyohiyo, na ndiyo maana ni vigumu kukiacha hata pale sera zake zinapokuchosha. Unakwenda mkutanoni kukuta watu wako. Utani ni kinyume chake, maana unamfunga mtu kwa asiyefanana naye. Jamii inahitaji vyote viwili, na kwa maoni yangu vyama vyetu vimejaa ukwangala na vimekauka utani.

Sasa tuingie katika karne iliyopita. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alilirejesha Kalenga fuvu lililotolewa Bremen kama fuvu la Mkwawa, akamkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Zilipita siku 18 tu, na Julai 7 TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni ilidhani imejipatia utii wa chifu. Miaka minane baadaye chifu huyo alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru. Mwaka 1956 Twining alikiunga mkono chama cha UTP ili kuizuia TANU, na ukawekwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Wengi katika TANU walitaka kususia. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka akaanzisha chama chake.

Matokeo yake katika nyanda hizi yanastahili kukumbukwa. Watu wa Mbeya na Iringa walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU, na wakampeleka pia Lady Marion Chesham, mkulima mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyeungwa mkono na TANU. Kanuni ya kibaguzi iliyotungwa ili kuwagawa wapiga kura iliwalazimisha kumtafuta mtu wa kuaminika nje ya watu wao. Sidai kwamba sheria ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa mbaya, tena iliwanyima kura wengi kwa masharti ya elimu na kipato. Nasema tu kwamba mwafaka ule ulipatikana baada ya ubishi mkali uliofanywa waziwazi, na aliyeshindwa katika ubishi ule alikuwa na mlango wa kutokea.

Mwaka 1965 mlango huo ukafungwa kisheria. Sitaki kuwa kama wale wanaouhukumu mfumo wa chama kimoja kwa dakika mbili. Viongozi wa wakati ule waliogopa ukabila na udini, na hofu yao ilikuwa na msingi. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa na ushindani wa kweli: wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba, na hata mawaziri waliangushwa. Lakini wananchi walichagua mtu bila kuchagua jambo. Jembe na nyumba walikuwa na sera moja. Neno *umoja* likaanza kubeba maana ambayo halikuwa nayo katika lugha za Nyanda za Juu, maana ya kutosikika sauti nyingine.

Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, ilikuwa nchi ya wakulima wakubwa wa mahindi waliofungua mashamba yao tangu miaka ya 1950. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa kuanzia 1970, mkoa uliazimia kuigeuza kuwa ya vijiji vya ujamaa. Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alikuwa msomi na mwamini wa kweli wa siasa ile. Hata waliomchukia hawakumtuhumu kwamba alijitafutia mali. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 alikwenda mwenyewe hadi shambani kwa Said Mwamwindi. Wakagombana. Mwamwindi alimpiga risasi, akaupakia mwili garini, akaendesha hadi kituo cha polisi cha Iringa na kujisalimisha. Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwaka 1972, akanyongwa.

Nimelifikiria gari lile kwa miaka mingi. Mauaji hayana utetezi, na sitayapamba. Ila mtu anayebeba ushahidi wa kosa lake hadi polisi ni mtu anayetaka kusikilizwa, na amekwisha kuchelewa. Ni wapi Mwamwindi angeweza kuitamka hasira yake kabla ya siku ile? Katika tawi la TANU angeitwa kabaila. Bungeni hakukuwa na mbunge ambaye angeweza kusimama na kusema kwamba sera ya vijiji ni kosa, akabaki mbunge. Na Klerruu naye, ni nani angemwambia ukweli kuhusu Isimani? Wote wawili waliuawa, mmoja kwa bunduki na mwingine kwa kitanzi, katika nchi iliyokuwa ikijisifu kwa umoja wake.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa dharau kwa wengi. Mimi naliona kuwa moja ya maamuzi ya busara kubwa katika historia yetu, kwa sababu Tume iligundua kwamba hata wengi wa wale asilimia 80 walitaka mabadiliko ndani ya chama hicho, na ikatambua kuwa wachache wanaotaka kusema hawawezi kusubiri ruhusa ya wengi wanaotaka kunyamaza.

Kuanzia mwaka 2010 miji yetu miwili ikawa mfano wa nchi nzima. Mbeya Mjini ilimchagua Joseph Mbilinyi, mwanamuziki, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa, wote wa Chadema, na wote wakarudishwa mwaka 2015. Magazeti yakaandika "ngome". Neno hilo lina gharama, kwa kuwa palipo na ngome hutumwa askari. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya Chadema, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Februari 2018 Mbilinyi alifungwa miezi mitano jijini Mbeya kwa kutoa lugha ya fedhehe dhidi ya Rais. Kwa mwanafunzi wa utani hiki ni kipimo cha kutosha: jamii ambayo imewahi kumpa mtani ruhusa ya kumtukana mfiwa kando ya kaburi ilikuwa imefika mahali ambapo fedhehe ya jukwaani ni jela.

Wakati huohuo likazuka fungu jipya la maneno, *kuunga mkono juhudi*, lililotumiwa na wabunge na madiwani wa upinzani waliohamia chama tawala. Sarufi yake inavutia. Haisemi juhudi za kufanya nini, wala haisemi kile ambacho mhamaji alikipinga jana. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yalirudi CCM, na mwaka 2024 Mchungaji Msigwa mwenyewe alijiunga na chama hicho. Sina neno juu ya haki ya mtu kuhama. Lakini katika mfumo wa ngome na kambi, kuhama ndiyo njia pekee ya kukubaliana na mtu wa upande wa pili: huna budi kuwa yeye.

Zanzibar ilitupatia maneno mawili mazuri zaidi. *Mwafaka*, jina la makubaliano ya CCM na CUF ya 1999 na 2001, linahusu jambo: tumeafikiana juu ya hili na lile. *Maridhiano*, lililoshika kasi baada ya Novemba 2009 na kuzaa kura ya maoni ya Julai 2010, linahusu watu: tumekuwa radhi sisi kwa sisi. Mwafaka unaweza kuandikwa na kuvunjwa, na uliandikwa na kuvunjwa. Maridhiano hayaandikiki kwa urahisi. Neno hilo lilivuka bahari likaingia katika zile "R nne" za Rais Samia Suluhu Hassan, ambazo kwa Kiswahili hakuna hata moja inayoanza kwa herufi R. Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara lililodumu tangu 2016 liliondolewa, na Mbeya na Iringa zikasikia tena vipaza sauti vya pande zote. Haikudumu. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila Chadema, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Vurugu zilizuka, Mbeya ikiwa miongoni mwa miji iliyoguswa, na watu waliuawa.

Ndiyo maana nilisema kwamba utani una masharti. Wahehe na Wangoni hawakuwa watani kwa sababu walihubiriwa upendo. Walikuwa watani kwa sababu kila mmoja alikuwa amejihakikishia kwamba mwenzake hawezi kumfuta. Anayejua kwamba anaweza kufutwa hataniani. Huogopa, au hutukana kwa kweli. Na anayejua kwamba anaweza kumfuta mwenzake hana haja ya kumchekea. Tukiwahimiza wanasiasa wastahimiliane bila kugusa tume ya uchaguzi, polisi na mahakama, tunawaambia wachezeshe utani wakati mmoja ameshika mkuki.

Kwa upande wetu wa lugha kazi ipo, na ni ndogo ya kutosha kuanza kesho. Natamani mwanafunzi mmoja aende Rungwe, Mbarali, Kalenga na Mufindi, awaulize wazee wanamwitaje mtu anayebishana nao kikaoni na kisha kula nao, na atuletee maneno hayo kabla hayajazikwa. Natamani watunga kamusi wafikirie upya mifano ya matumizi wanayoiweka chini ya *pinga*. Na mjini Iringa kipo Chuo cha Ualimu cha Kleruu. Kila mwaka walimu vijana hupita chini ya jina lile kwenda kufundisha. Ningependa wajue jina la pili pia, na wawasimulie watoto kilichotokea shambani Isimani, wakianza na yale ambayo hakuna aliyeyasema kabla ya siku ile.